Puti ya Mafuta ya Mbuta

Dirisha la chumba changu lilikuwa na harufu yake. Nililala kichwa kikiwa karibu nalo tangu nikiwa darasa la tano, na ningeweza kulitambua hata nikiwa nimefungwa macho: kutu iliyolowa, mavi ya mijusi, na wadudu waliokufa wakabaki kwenye pembe mpaka wakawa kama makapi ya majani ya chai. Vyuma vyake vilikuwa vimevimba na kubanduka maganda. Ukivigusa, maganda yanabaki kidoleni. Mkono wa kufungia ulikatika zamani, tukawa tunafunga kwa waya. Kioo kimoja kilikuwa na ufa uliobandikwa plasta ya hospitali. Kingine hakikuwepo kabisa, na mahali pake palikuwa na kipande cha katoni ya sabuni ambacho mvua ilikilainisha kikafanana na ugali uliomwagikiwa maji.

Mimi si mtu wa kusema. Darasani nikiitwa nasimama na kuangalia viatu vyangu mpaka mwalimu achoke. Nyumbani ni hivyo hivyo. Kwa hivyo habari ya dirisha lile ilijadiliwa mbele yangu miezi mingi kama vile mimi ni kiti, na hali anayelala chini yake ni mimi.

Watu wanaokaa mbali na ziwa hawatuamini sisi wa Sori tukiwaambia juu ya sami. Ni wadudu wadogo, wadogo kuliko mbu, na hawaumi. Wanazaliwa majini, kisha wanapanda juu ya ziwa wote pamoja mpaka unadhani kuna mtu anachoma takataka katikati ya maji. Upepo ukigeuka, ule moshi unakuja nchi kavu. Unaingia kwenye chai, kwenye masikio, kati ya meno. Unafagia asubuhi na kuzoa karai zima la wadudu, na karai hilo linanuka kama samaki aliyesahaulika juani. Watu wengine wanatema mate na kuendelea na kazi. Mimi kifua kinafunga.

Daktari wa hospitali ya misheni aliniambia nivute pumzi, nikavuta, kifua kikalia kama mlango wa choo. Akamwambia Baba, "Mwalimu, mtoto wako anavuta wadudu. Wakifa wanakauka, wakikauka wanakuwa vumbi, na hilo vumbi ndilo liko hapa." Akanigonga kifuani kwa kidole. "Chumba chake kifungwe sawasawa. La sivyo, mwondoe karibu na ziwa."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza wale maiti walioko ndani yangu. 

Baba alitoa uamuzi jioni ile, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho anachofundisha shuleni na hukitumia nyumbani akitaka neno lake liwe sheria. "Nitalishughulikia dirisha. Lakini sami wakija tena na hali iko hivi, utaenda Migori kwa shangazi yako, usomee huko."

Hapo ndipo nilipoanza kulipenda lile dirisha chafu, au niseme kuliombea.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Niliwahi kukaa kwake Migori likizo moja. Beseni la kuoshea miguu ndilo lililokandiwa unga wa chapati, nililiona kwa macho yangu, na chapati nikazila kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Mume wake huamka alfajiri na kukohoa makohozi kwa muda mrefu, bila haraka, na kuyatia kwenye mkebe anaouweka chini ya meza ya kulia. Lakini hayo ningeyazoea. Nisichoweza kuzoea ni mdomo wa Shangazi. Siku moja alikuja mgeni, mzee wa kanisa, na mimi nimebeba chai. Shangazi akamwambia, "Huyu msichana ameanza mambo ya wanawake juzi tu. Bado hajui kujifunga vizuri, ananichafulia shuka." Mzee akapiga chafya, au alijifanya. Mimi nikasimama na ile chai mpaka ikapoa. Kuishi pale hadi kidato cha nne! Afadhali sami.

Kwa hivyo kwangu mimi, swali la kutengeneza dirisha au kuweka jipya halikuwa swali la dirisha. Kwa wazazi wangu lilikuwa hilo hilo dirisha, na walilipigania kama watu wanaogombania mpaka wa shamba.

Mama alitaka yote yang'olewe, manne yote ya nyumba, yawekwe ya mbao yenye wavu wa waya ambao sami hawapiti. Mama ni mtu wa Kisegi, kule Gwasi, na Baba humwita Nyar Gwasi, yaani binti wa Gwasi, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao kwa jina la kwao.

"Mwalimu," Mama alisema, "hizi dirisha zimekufa. Zizikwe."

"Chuma hakifi, Nyar Gwasi. Chuma kinaugua ngozi tu."

"Basi ngozi yake inanyesha mvua kwa kitanda cha mtoto."

"Nitaipaka dawa."

Najua kwa nini alikuwa mgumu. Alipojenga nyumba ile akiwa mwalimu kijana, yale yalikuwa madirisha ya kwanza ya vioo kwenye njia yetu. Wanawake wakienda kanisani walikuwa wanasimama nje kutengeneza vitambaa vya kichwa wakijiangalia, na Baba alikuwa ndani, anawaona, anafurahi. Hiyo hadithi ametupa mara nyingi. Kuyang'oa ilikuwa kama kumwambia kwamba wale wanawake hawakusimama.

Hata hivyo alikwenda Homa Bay kuangalia madirisha ya mbao, maana Mama hakumpa raha. Alirudi na vioo vilivyofungwa kwa magazeti, msasa, na maneno.

"Mbao za Homa Bay ni mbichi. Bado zinatoa maji."

"Ulizionja?" Mama akauliza.

"Niliziangalia."

"Na dirisha jipya?"

"Vioo ni vipya. Kioo kikiwa kipya, dirisha ni jipya."

Alichokosa ni puti, ule udongo laini wa fundi unaobandikwa pembeni ili kioo kishike kwenye chuma. Kopo alilofunguliwa kule Homa Bay lilikuwa limekauka kama jiwe, na Baba hanunui jiwe. Basi kesho yake tukaenda naye sokoni Sori, kwenye duka la misumari la mtu mmoja Mwislamu aliyetoka Pwani. Mimi nilibeba kikapu. Mwenye duka alikuwa mtu wa maneno mengi na bidhaa chache.

"Puti sina, Mwalimu. Lakini puti ni nini? Ni unga wa chokaa na mafuta, basi."

"Mafuta gani?"

"Ya mbegu za kitani. Hapa hutayapata. Lakini mafuta ni mafuta. Kwetu sisi majahazi tunayapaka sifa, mafuta ya ini la papa, na maji ya bahari hayaingii, wallahi, mwaka mzima."

"Papa ni samaki," Baba akasema.

"Samaki mkubwa sana."

Nilikuwa nimesimama kando ya gunia la misumari, na niliona vile uso wa Baba ulivyobadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyepata jibu la hesabu kabla ya darasa zima. Sisi hatuna papa. Lakini tuna mbuta, na mbuta ni mkubwa, na mafuta ya mbuta nyumbani kwetu yalikuwa debe zima.

Mama alikuwa anakaanga mgongo wazi pale ufuoni. Kiwanda kikishakata mnofu wa mbuta na kuupeleka Ulaya, mifupa inabaki na kichwa na nyama kidogo kwenye mbavu, na hiyo ndiyo sisi tunanunua, tunakaanga, tunakula. Mafuta ya kukaangia yanatoka kwa mbuta huyo huyo, kwenye tumbo. Yale ya debe la Mama yalikuwa yamekaanga migongo wiki nzima. Yalikuwa ya rangi ya kahawia, na ndani yake mlielea magamba na vipande vya mapezi.

"Hayo nataka kumwaga," Mama alisema.

"Ndiyo mazuri. Yameiva."

"Mwalimu, dirisha si samaki!"

"Na jahazi ni samaki?"

Mama hajawahi kuona jahazi, akamsukumia debe.

Chokaa nayo ilipatikana bila kununua: vipande vya chaki ambavyo wanafunzi wa Baba walikuwa wamevimaliza mpaka havishikiki. Alikuwa amevijaza kwenye mfuko, vyeupe, vya waridi, vya buluu, vingine vikiwa na alama za meno, maana watoto hutafuna chaki. Nikavisaga kwenye jiwe la Mama huku Mama akilalamika juu ya jiwe lake. Kisha Baba akamimina mafuta, akaniambia nikande, kwa sababu ati mikono yangu ni laini na puti inataka mkono laini.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Kilikuwa na joto. Kilikuwa na rangi ya kijivu yenye madoa ya waridi, kama ufizi. Kiliteleza katikati ya vidole na kutoa sauti ambayo sitaki kuitaja, na magamba yalijichomeka chini ya kucha zangu na kukaa huko. Harufu ilikuwa ya samaki, ya chaki, na ya kitu cha tatu ambacho kilizaliwa wakati hivyo viwili vilipokutana. Mara mbili chakula kilipanda kooni, mara mbili nikakimeza, kwa sababu Baba alikuwa anaimba. Alikuwa na furaha hivyo. Nami nilijiambia: kanda. Usipokanda, utaona mkebe wa makohozi kila asubuhi.

Alisugua kutu kwa msasa, akapanga vioo kwenye madirisha yote manne, akabandika puti kutoka nje kwa kidole gumba, mistari iliyonyooka kabisa. Na lazima niseme kweli: dirisha langu lilipendeza. Nililala kitandani nikaona ziwa lote, na mitumbwi, na kisiwa kule mbali. Baba akawaita walimu wenzake waje kuona. Mmoja akasogeza pua, akauliza, "Mama anapika nini?" Baba akasema, "Anakaanga," akawapeleka upande wa pili wa nyumba.

Paka walianza siku iliyofuata. Kwanza alikuja wa jirani. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaweka ya mbele ukutani, akalamba dirisha langu kutoka pembe hadi pembe. Ulimi wa paka una miiba, sijui kama mnajua, na kwenye puti unatoa sauti ya mtu anayekwangua sufuria. Kisha wakaja wengine. Nadhani paka wote wa Sori walipeana habari, maana kulikuwa na mmoja asiye na sikio ambaye hatukuwahi kumwona. Niliwafukuza kwa ufagio. Walirudi. Kuku nao wakagundua dirisha la sebuleni, lililo chini kidogo, wakawa wanadonoa.

Baba aliziba walipokula. "Kitu kizuri huliwa na wengi," alisema.

Puti ya kweli hukauka na kuwa ngumu. Hii ya kwetu ilitokwa jasho. Jua likiwaka, mafuta yalitiririka juu ya kioo, yakashuka ukutani, yakaacha doa kama lile la karatasi iliyofunga mandazi. Ukigusa, kidole kinaingia.

"Haikauki," Mama alisema.

"Inakauka polepole."

"Inaoza polepole."

Siku moja nilikuwa nafuta kioo kwa nje nikaona punje nyeupe kwenye ile mistari, nikadhani ni chaki ambayo sikuisaga vizuri. Nikainama niangalie. Chaki haitembei. Walikuwa funza, wamejaa, wanapanda na kushuka ndani ya alama za kidole gumba cha Baba. Nilirudi nyuma nikamkanyaga kuku. Sikumwambia mtu. Nilichukua kijiti nikawatoa mmoja mmoja, nikasawazisha pale nilipowatoa, kwa kidole changu mwenyewe, ili Mama asione. Mama akiona, vita vitaanza upya, na vita vikianza Baba atasema basi, nenda Migori. Nilinawa kwa sabuni ya kufulia na majivu, lakini chakula nilikula kwa mkono wa kushoto, na Mama akanikemea kwa kukosa adabu.

Shuleni ikawa mbaya. Sare yangu ilitundikwa kwenye msumari kando ya dirisha, na ile harufu iliingia kwenye nyuzi. Msichana wa dawati la nyuma akasema kwa sauti, "Nani amebeba lunch?" Darasa likacheka. Mwingine akajibu, "Ni mgongo wazi, si unaona vile amekonda?" Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nilitamani kusema kwamba ni dirisha, lakini nani angeelewa?

Sami walikuja Jumapili, baada ya kanisa. Tuliona nguzo tatu za moshi zikisimama juu ya maji, kisha zikainama upande wetu. Mama akakimbia kufunika sufuria. Baba akafunga madirisha yote, akatoka nje makusudi, kitambaa puani, kwenda kutazama kazi ya mikono yake. Mimi nikajifungia chumbani.

Mwanzoni kioo kiliwazuia. Niliwaona wakigonga na kuanguka, mpaka mchana ukawa kama jioni. Lakini wale walioangukia puti hawakuanguka tena. Walinasa. Wengine wakatua juu yao wakanasa kwenye mafuta yaliyowalowesha wale wa kwanza. Kwa muda mfupi kila kioo kilikuwa na manyoya meusi pande zote, manyoya yanayotikisika, maana wengi walikuwa hai bado na wanapiga mabawa. Mimi nilikuwa nimelala chini ya mdomo wenye ndevu.

Nje, nilimsikia Baba akimwita jirani yetu aje aone. "Njoo uone! Hata mmoja hajapita! Hata mmoja!"

Wakati huo huo kioo cha juu kikateremka. Hakikuanguka, kiliteleza taratibu ndani ya mafuta, upana wa kidole, halafu upana wa mkono. Wakaingia kama maji ya bomba. Nikajifunika blanketi mpaka kichwani. Kifua kikaanza kulia, nikauma blanketi ili kisisikike.

"Nyathina, mtoto wangu!" Baba akaita kutoka nje. "Kuna hata mmoja huko ndani?"

Ili kujibu nilihitaji pumzi, na nilikuwa na kidogo tu. Nilikusanya yote.

"Hapana, Baba."

"Umesikia?" akamwambia jirani. "Umesikia mwenyewe?"

Baada ya hapo sikuwa na kitu kilichobaki. Mama ndiye aliyefungua mlango, sijui alikuja kutafuta nini. Nakumbuka sauti yake tu: "Yawa! Mwalimu! Mwalimu, mtoto amekuwa bluu!" Nakumbuka pia kwamba aliponifunulia blanketi, mdomo wangu ulikuwa umejaa wadudu, na nilipowatema walibaki kwenye kanga yake.

Hospitalini nilichomwa sindano. Baba alikaa kwenye benchi bila kuongea Kiswahili wala Kidholuo. Tulipotoka alisimama barabarani, akampa utingo mmoja ujumbe wa kupeleka Migori.

Shangazi alifika katikati ya wiki, na begi tupu. Hakupiga hodi. Alisimama uani, akanusa kulia, akanusa kushoto.

"Ndugu yangu," akasema, "hii nyumba uliijenga ama uliikaanga?"

Mama aligeuka upande ili asionekane akicheka. Baba akasema, "Karibu, dada." Shangazi akazunguka nyumba, akafika kwenye dirisha langu ambalo manyoya yake sasa yalikuwa yamekauka, akachovya kidole kwenye puti, akakinusa, akasema "Mm!" kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akaingia chumbani kwangu akajifuta kwenye pazia langu. Pazia nililoshona mwenyewe.

Alianza kupakia nguo zangu akiongea bila kupumua. Huko Migori hakuna wadudu. Nitalala na mtoto wake mdogo, anakojoa kidogo tu. Shule iko karibu. Mlango ulikuwa wazi, Baba amesimama pale, na yule jirani nyuma yake, amekuja kusalimia. Shangazi akatoa suruali yangu ya ndani, akaiinua kwenye mwanga akaipindua.

"Hii ni ya kuvaa ama ya kupigia deki?"

Hapo kitu kilitoka ndani yangu. Haikuwa sauti kubwa. Lakini wote waligeuka, nadhani kwa sababu hawakujua kama ni mimi.

"Ng'oeni dirisha," nikasema. "Zibeni ukuta. Nibaki."

Baba akanitazama. "Ukuta? Chumba bila dirisha?"

"Ndiyo."

"Hata ghala la mahindi lina matundu, nyathina."

"Nitakaa. Sami hawapiti matofali."

"Utakuwa gizani mchana na usiku," Shangazi akasema. "Kama viazi! Utaota mizizi."

Nilimnyang'anya ile nguo, nikaishika nyuma ya mgongo. Macho yalikuwa yameshateremka kwenye viatu, lakini sikuongeza wala kupunguza neno.

"Matofali yako nyuma ya choo," Mama akasema.

Baba alivua shati, akaenda kuchukua mtaimbo.

Sote tulidhani dirisha litasumbua. Alichomeka mtaimbo pembeni, akavuta mara moja, na dirisha zima likamfuata. Zile pini za chuma zilizolishika ukutani zilikuwa zimeliwa na kutu zikaisha. Lilikuwa limesimama kwa rangi na plasta tu, miaka yote ile. Baba akabaki amelikumbatia, na vioo vikateleza kimoja kimoja ndani ya mafuta, vikatua kwenye miguu yake bila kuvunjika. Kwenye tundu lililobaki mlikuwa na mende. Sijui mende wangapi, walimiminika ukutani kama uji uliofurika, na Mama akawamwagia maji moto, na harufu iliyopanda kutoka hapo sitaieleza kwa sababu nataka kula leo.

Matofali yalikuwa na ukungu wa kijani na konokono wasio na nyumba. Baba aliyasugua kwa ufagio, akachanganya saruji, akayapanga. Hakuwa fundi, ukuta ulitoka na tumbo. Shangazi alikaa kwenye kiti uani akila mgongo wazi aliopewa na Mama, anatema mifupa miguuni pake na kumwambia Baba ni tofali gani limepinda.

"Kwa hivyo mimi nimekuja bure?" akauliza mwishoni.

"Huwezi kuja kwetu bure, Shangazi," Mama akajibu. "Utabeba samaki."

Akaleta lile begi. Akatoa nguo zangu moja moja, akizinusa, safi upande huu, za kufua upande ule, na nyingi zilikwenda za kufua. Kisha akaweka migongo iliyofungwa kwa magazeti mahali zilipokuwa. Shangazi akaondoka nayo begani, mafuta yameshaanza kulowesha kitambaa.

Chumba changu sasa kina giza. Asubuhi sijui kama kumekucha mpaka nisikie jogoo, na homuwaki ninaifanyia mlangoni, mgongo ukiwa ndani, miguu nje. Kinanuka saruji mbichi na bado kinanuka samaki, kwa sababu mafuta yaliingia kwenye udongo wa ukuta. Kuna joto. Jasho linanitoka shingoni usiku, na nguo ikinikauka mwilini inaacha chumvi. Nakichukia. Lakini sami wamekuja tena tangu wakati ule, na nililala.

Jumamosi moja nilimkuta Baba kwenye dirisha la sebuleni, anakwangua puti kwa kisu cha mezani. Ilikuwa inatoka kwa mikanda mirefu, myeusi, yenye mabawa ndani. Kuku walikuwa wamemzunguka wakisubiri. Nilitaka kupita kimya.

"Wewe," akasema bila kugeuka. "Hizi tatu zilizobaki. Tufanye nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la nyumba ile. 

"Mbao, Baba. Na wavu wa waya."

Alikwangua mkanda mmoja, akautupa, kuku wakaugombania.

"Hayo ni maneno ya mama yako."

"Ndiyo."

"Mbao za Homa Bay ni mbichi."

"Zitakauka," nikasema.

Alisimamisha kisu. Sikungoja aseme tena. Nilirudi ndani, gizani kwangu, nikafunga mlango.